Yule aliyelala Guingamp

Karakana ya mjomba wangu iko Igurusi, na nikiiita karakana naipandisha cheo. Ni kivuli cha mwembe, benchi moja, beseni la maji, sanduku la nati zisizo na bolti na bolti zisizo na nati, na siku zote baiskeli mbili tatu zimepinduliwa magurudumu juu. Barabara kuu iendayo Tunduma iko pale mbele, karibu kiasi kwamba lori la mafuta likipita maji ya beseni yanatetemeka. Kazi yangu ya kwanza, nikiwa darasa la tatu, ilikuwa kuyasubiri maji hayo yatulie. Mjomba anazamisha mpira wa ndani, anauzungusha taratibu, mimi natafuta mapovu. Nikiyaona naweka kidole. "Usitoe," anasema, mpaka achomeke njiti ya kiberiti palepale.

Julai mwaka juzi nilikuwa pale likizoni (nafundisha jiografia sekondari, Mbeya mjini) akasimama Mfaransa mmoja mzee, nywele nyeupe, anatoka Nairobi anakwenda Cape Town kwa baiskeli. Wapo wengi wanaopita hivyo, tumewazoea. Huyu spoki zake mbili za nyuma zilikuwa zimekatika, upande wa gia, maana ndiko zinakokatikia. Mjomba hakuwa na spoki za urefu ule. Akachukua ndefu, akazipunguza, akazikunja vichwa upya kwa koleo. Mzee wa watu alikuwa anatazama mikono ya mjomba kama mtu anayetazama mtoto wake akitahiriwa.

Mimi ndiye mkalimani. Kwenye fremu palikuwa na kibandiko kimefifia: Paris–Brest–Paris, 2019. Nikamuuliza. Akasema ni safari ya kilomita 1,200, kutoka Paris mpaka Brest, mji wa bandari kule magharibi mwa Ufaransa kabisa, na kurudi, na sharti uimalize ndani ya saa 90. Nikamtafsiria mjomba.

"Mzigo gani?"

"Hakuna mzigo, mjomba. Koti la mvua na chakula."

"Bila mzigo." Akairudia spoki yake. Baada ya muda: "Muulize wanamlipa shilingi ngapi."

Hawamlipi. Yeye ndiye hulipa kiingilio. Nilipotafsiri hilo mjomba hakuuliza tena kitu, ila nilimwona akitikisa kichwa, na bei ya spoki akaishusha. Nadhani alimhurumia.

Kilomita 1,200! Kutoka Mbeya mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya 800 kidogo, na mtu akishuka kwenye basi la safari ile unamwona anatembea kama aliyepigwa. Usiku nikaanza kusoma, na kama kawaida yangu sikusoma ya 2019, nikaenda mwanzo kabisa. 1891.

Mwenye wazo alikuwa mwandishi wa habari, Pierre Giffard, wa gazeti la Le Petit Journal, gazeti lililokuwa likiuza nakala kama milioni moja kwa siku. Mwaka uleule, mwezi wa Mei, yalikuwa yamefanyika mashindano ya Bordeaux mpaka Paris, karibu kilomita 600, na Waingereza wakazoa nafasi nne za kwanza. Mfaransa wa kwanza kufika alikuwa wa tano, anaitwa Jiel-Laval. Giffard alipotangaza ya kwake, ndefu mara mbili, akaweka sharti: Wafaransa tu. Sababu aliyoitoa siijui, lakini mtu aliyewahi kuandaa bonanza la mpira kijijini na kuifungia nje timu ya kijiji cha jirani anaielewa.

Walianza asubuhi ya tarehe 6 Septemba 1891, watu zaidi ya 200. Mimi ni Mhehe upande wa mama, kwa hiyo tarehe hiyo ilinisimamisha. Tarehe 17 Agosti 1891, wiki tatu kabla, ndipo Mkwawa na watu wake walipokivunja kikosi cha Wajerumani pale Lugalo, Iringa, na Zelewski, kamanda wao, akauawa. Wakati mababu zangu wanagawana bunduki za Lugalo, Wafaransa walikuwa wanapima upepo kwenye matairi. Sina la kuongeza hapo, ila tangu siku hiyo nikipita Lugalo kwenye basi nakumbuka baiskeli, na sidhani kama kuna mwingine humu nchini mwenye ugonjwa huo.

Sasa baiskeli zenyewe. Ukiitazama picha ya baiskeli ya 1891 utaijua ni baiskeli: magurudumu mawili sawasawa, cheni, usukani, fremu ya mabomba. Mjomba angeitengeneza. Gia moja. Kitu kimoja kingemshangaza, hakuna friwili. Pedeli zimefungamana na gurudumu la nyuma. Gurudumu likizunguka, miguu nayo inazunguka, hata kwenye mteremko. Huwezi kuiacha miguu ikapumzika. Jaribu kufikiria kushuka Kitonga hivyo. Na usiku taa ni ya mafuta.

Lakini jambo lenyewe lilikuwa tairi, na hapa nilimpigia mjomba simu saa nne usiku, akadhani kuna msiba.

Miaka mitatu tu nyuma, 1888, daktari wa mifugo huko Belfast, John Boyd Dunlop, alipata hati miliki ya tairi la upepo. Alianza na baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu. Kabla ya hapo watu walikuwa wanatembelea mpira mtupu usio na upepo ndani; ukipita kwenye mawe, meno yanagongana. Tairi la Dunlop lilikuwa laini na lenye kasi. Kasoro yake ni kwamba liligandishwa na gundi kwenye rimu. Pancha ikitokea, huchomoi tairi kwa mipini ya vijiko kama sisi. Unabandua gundi.

Mwaka 1889 kuna mtu alipeleka baiskeli ya namna hiyo kwenye kiwanda cha mpira cha ndugu wawili, Édouard na André Michelin, kule Clermont-Ferrand. Tairi limetoboka. Walikaa zaidi ya saa tatu kulibandua na kuliziba, wakaliacha usiku kucha gundi ikauke. Asubuhi Édouard akaipanda mwenyewe kuijaribu. Mita mia chache, pshhh, limekwisha.

"Alipanda mwenyewe?" mjomba akauliza kwenye simu.

"Mwenyewe."

"Huyo fundi." Kwa mjomba hiyo ni sifa kubwa. Ana jirani yake wa kazi, simtaji, ambaye hajawahi kuipanda baiskeli aliyoitengeneza hata hatua tano, na mjomba humsema kila siku ya Mungu.

Basi ndugu wale wakatafuta tairi linalotoka. Mwaka 1891 wakalipata: linabanwa kwenye rimu kwa bolti ndogondogo, unafungua, unatoa mpira wa ndani, unaziba, unafunga. Walihitaji mtu wa kulionyesha kwa watu, wakampata Charles Terront, miaka 34, mzee kidogo kwa mchezo ule, aliyeanza kushindana enzi za baiskeli za gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Na Jiel-Laval akawa upande wa Dunlop. Kwa hiyo siku ile Paris, ukiacha wale wengine wote waliotoka na vyao, wengi wao bado kwenye mpira mtupu, palikuwa na vita vya gundi na bolti.

Nilitegemea kusoma kwamba bolti zilishinda. Ndivyo matangazo yalivyosema baadaye. Ukweli ni kwamba wote wawili walipata pancha, na wote wawili walipoteza kama saa nzima kuziziba. Saa nzima! Mjomba anaziba pancha huku anakula muhindi. Lakini tairi lilikuwa jipya, halina watu waliolizoea, na sina haki ya kucheka. Waliokuwa kwenye mpira mtupu hawakupata pancha hata moja, na walikuwa nyuma mno wasionekane.

Jiel-Laval alikuwa anaongoza. Wakafika Brest, wakageuza. Usiku wa pili, njiani kurudi, zimebaki karibu kilomita 500, Jiel-Laval alifika mji wa Guingamp akalala. Terront akafika Guingamp, mwenzake kalala. Akapita kimyakimya.

Kule kwetu tunasema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Terront hakuwahi kuisikia methali hiyo na aliifuata neno kwa neno. Aliingia Paris alfajiri ya tarehe 9 Septemba, saa 71 na dakika 22 tangu aanze, hajalala kabisa, na watu maelfu wamejaa barabarani kumpokea. Jiel-Laval alikuwa wa pili, saa nyingi nyuma yake. Nusu ya walioanza, kama 100, ndio walioimaliza, wengine siku nyingi baadaye.

Nimesoma masimulizi ya watu kadhaa kuhusu usiku ule, na wote wako na Terront. Ushujaa, ujanja, moyo. Jiel-Laval anatajwa kama mtu aliyejisahau. Mimi niko naye. Nina sababu.

Julai 1998 mjomba alinunua baiskeli mbili kuukuu Makambako, Phoenix zote, akatutuma mimi na binamu yangu, mwanawe, tukazichukue. Tulikwenda kwa lori, turudi tunaendesha. Makambako mpaka Igurusi ni zaidi ya kilomita 100, na mjomba alitupa siku mbili na hela ya kula. Hatukutoka hata kwenye geti la muuzaji kabla hatujakubaliana kwamba ni mashindano. Atakayeshindwa atachota maji ya beseni mwezi mzima, na kisima wakati ule kilikuwa mbali.

Aliyewahi kuwa Makambako Julai anajua upepo ule. Unaingia kwenye mkono wa koti unatokea kwenye kola. Tulitoka saa kumi jioni, kwa sababu muuzaji alitusubirisha, na upepo ukatushika mgongoni ukatusukuma. Barabara inateremka polepole kuelekea Usangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwezi ulikuwa mkubwa, na sijawahi kuwa na kasi kama ile tena. Saa mbili usiku sikumwona mwenzangu nyuma. Saa tatu nikapata pancha.

Nilikuwa na kila kitu: pampu, msasa, solusheni, viraka, mipini ya vijiko miwili. Sikuwa na maji. Bila maji hakuna mapovu, na bila mapovu tundu dogo la mwiba hulipati usiku. Nilijaza upepo nikausogeza mpira kwenye mdomo, nikauzungusha wote nikisikilizia kwa midomo ubaridi wa hewa. Ndivyo nilivyolipata. Kwa hiyo ile saa nzima ya Terront naielewa. Yangu haikupungua sana hapo, na sehemu kubwa ilikuwa kuzuia mikono isitetemeke.

Bado binamu hakuwa amenipita. Nilifika Igawa usiku wa manane, na pale ndipo usingizi uliponikamata. Nataka kulieleza hili vizuri kwa sababu wanaomcheka Jiel-Laval hawalijui. Uchovu wa miguu unauona unakuja, unaweza kuzungumza nao. Usingizi hauzungumzi. Nilikuwa nimeshaanza kuona yale mawe meupe ya pembeni mwa barabara yakisogea, nikayapigia kengele nikidhani ni mbuzi. Mara mbili. Terront alikuwa na saa sabini na kitu bila usingizi, na mimi sijui aliyaona mawe gani. Ila najua kwamba mtu akifika hapo haamui kulala. Anakuta kalala.

Igawa magari husimama, kwa hiyo kuna chai usiku kucha. Mama mmoja alikuwa na jiko na benchi. Nikanywa chai, nikala chapati, nikamwambia, "Mama shikamoo, naomba nijinyooshe hapa dakika kumi. Akipita kijana wa baiskeli nyeusi kama hii, niamshe."

"Marahaba mwanangu. Lala."

Nilipoamka kulikuwa kumekucha, kuku wako chini ya benchi. Binamu yupo? Mama akasema hajaona mtu. Nikatoa hela ya chai, akakataa. "Wee nenda tu, mwanangu, safari njema." Nikamshukuru kwa ukarimu, nikapanda, nikapita Chimala chini ya ule mlima wenye kona hamsini na saba nikiamini bado naongoza. Nilifika Igurusi saa tano asubuhi nikamkuta binamu ameoga, amevaa shati safi, amekaa kwenye benchi la baba yake ameshika ndoo. Alinikabidhi bila neno.

Mwezi mzima nilichota. Miaka yote hiyo nimekuwa nikidai kwamba alipita wakati mama yule amegeuka kuchochea moto, bahati tu.

Kabla sijamalizia hilo, nirudi kwa ndugu Michelin, kwa sababu kuna kitu cha mwaka uliofuata ambacho kilimfanya mjomba aangushe spana. 1892 waliandaa mashindano yao wenyewe, Paris mpaka Clermont-Ferrand, kwao. Tairi lao sasa lilikuwa linatoka upesi zaidi, na walitaka dunia ione. Lakini utaonyeshaje wepesi wa kuziba pancha kama pancha hazitokei? Wakamwaga misumari barabarani.

Mjomba alinyamaza, halafu akasema, "Kumbe imeanzia huko." Kwa wasioishi kando ya barabara kuu: hakuna fundi wa pancha, kutoka Tunduma mpaka Kibaha, ambaye hajawahi kusingiziwa misumari. Yeye mwenyewe amewahi kuitwa kwa mwenyekiti wa kijiji kwa sababu hiyo, na aliyemshtaki hakuwahi kumwomba radhi baada ya kuonyeshwa kwamba ilikuwa miba ya mgunga. Mjomba sasa anawataja Michelin kama mashahidi wake. Akiona lori lina matairi yao anasema, "Hao ndio wenye misumari, mimi naonewa."

Paris–Brest–Paris yenyewe ilikuwa nzito mno kuandaliwa kila mwaka, ikawa ya kila miaka kumi. Mwaka 1901 Maurice Garin alitumia saa 52 na dakika 11, miaka miwili kabla hajashinda Tour de France ya kwanza. Mwaka 1910 mpishi mmoja wa mikate akatengeneza keki ya duara yenye krimu katikati, mfano wa gurudumu, akaiita Paris-Brest, na inauzwa mpaka leo. Mashindano ya walipwa yaliisha 1951. Waliobaki ni wazee kama yule wa spoki, kila miaka minne, wanagongesha kadi zao vituoni na wanalala kwenye vibaraza vya maduka. Nimeona picha. Watu wazima, wamejikunja kwenye kona za benki, kofia za baiskeli bado kichwani. Wote wako Guingamp.

Wiki iliyopita nikampigia binamu. Yuko Makambako sasa, ana duka la pembejeo, na tumbo. Nikamsimulia yote, Terront na Jiel-Laval, nikamwambia angalau Terront alikuwa na ujanja, wewe ulikuwa na bahati ya mama kugeuka.

Akacheka mpaka akakohoa.

"Mama gani kageuka? Nilikaa pale nikanywa chai. Nilikaa miguuni pako. Ulikuwa unakoroma."

"Nilimwambia aniamshe."

"Alitaka kukuamsha. Nikamwambia muache mdogo wangu, amechoka. Nikalipa za watu wawili."